Msiba Usio na Matanga: Walionusurika Ubakaji Wanavyoponyana

Kutoka Taba nchini Rwanda hadi vijiji vya Kivu na nyanda za Acholi, watu waliobakwa vitani wamejifunza kuponyana kwa kukaa pamoja. Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo hayo.

Katika nchi za Afrika ya Mashariki na ya Kati kila jambo kubwa linalomfika binadamu lina desturi yake. Mtoto akizaliwa, watu huja na uji na majina. Kijana akioa, ngoma hupigwa. Mtu akifa, majirani huacha shughuli zao, mkeka hutandikwa, wanawake huingia ndani kwa mfiwa, wanaume hukaa barazani, na hakuna anayekubali mfiwa alale peke yake siku zile za mwanzo. Baadaye matanga huanuliwa, na kidogo kidogo mfiwa hurudishwa katika maisha ya kila siku akiwa ameshikwa mkono na wenzake.

Lakini upo msiba mmoja ambao haukutandikiwa mkeka. Mwanamke akibakwa, haji mtu kumpa pole. Mara nyingi mwenyewe hajui aseme nini, wala amwambie nani. Akisema, huenda mume akamfukuza, wakwe wakamnong'ona, na mabinti zake wakakosa wachumba. Asiposema, hubaki na jambo lile kifuani, akalala nalo na kuamka nalo, huku mtaa mzima ukimwona kuwa ni mtu aliyebadilika tabia bila ya sababu.

Hata lugha yenyewe imemwonea mtu huyu. Kiswahili kina neno kubaka, nalo linamtaja mtenda. Lakini watu wamezoea pia kusema kwamba fulani amenajisiwa, ameharibiwa, ameingiliwa. Najisi ni uchafu, na uchafu huo katika usemi humganda yule aliyetendewa, si yule aliyetenda. Mwizi akiiba, mwenye nyumba haitwi mwizi. Mtu akijeruhiwa kwa panga, hapana anayesema kwamba jeraha lile ni aibu yake. Katika kosa hili moja tu, hukumu humwangukia mwenye kudai haki.

Mazungumzo ya leo yanahusu watu waliokataa hukumu hiyo. Ni watu waliojitandikia mkeka wao wenyewe, wakakaa juu yake pamoja, na kwa kukaa huko wakaanza kupona. Yapo mengi ya kujifunza kwao, na yapo pia maswali magumu. Je, kila tambiko huponya? Au yapo matambiko ambayo kazi yake ni kumnyamazisha mtu?

Waliokutana ili walie

Mwaka 1994, kati ya Aprili na Julai, Rwanda ilipitia mauaji ya kimbari yaliyodumu takriban siku mia moja. Mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa, René Degni-Ségui, katika ripoti yake ya Januari 1996, alikadiria kuwa wanawake kati ya 250,000 na 500,000 walibakwa. Wengi waliosalimika waliambukizwa virusi vya Ukimwi. Wengine walijifungua watoto ambao kila walipowatazama, waliona ndani yao sura ya adui na sura ya mwana kwa pamoja.

Wanyarwanda wana neno la kueleza hali iliyowapata watu hao. Ni neno ihahamuka, na maana yake ya asili ni mtu kukatika pumzi kwa hofu, kana kwamba mapafu yake yametolewa. Hilo si neno la kitabuni. Kila mwaka, juma la maombolezo linapoanza tarehe 7 Aprili, katika viwanja vya kumbukumbu huonekana watu wakianguka, wakipiga mayowe, wakitaka kukimbia kama kwamba wauaji wamerudi saa ile ile. Watu wa huduma ya kwanza huwachukua kando, wakawaketisha na kukaa nao mpaka pumzi zirejee. Hapo ndipo linapoonekana jambo la kwanza kuhusu matambiko ya pamoja: tambiko hufungua kidonda. Kama hapana aliyejiandaa kukifunga, linaweza kumuumiza mtu upya.

Januari 1995, miezi michache tu baada ya mauaji, wajane wapatao hamsini walianzisha chama kinachoitwa AVEGA Agahozo. Agahozo, kwa Kinyarwanda, ni kile kinachomfuta mtu machozi. Wajane hao hawakuwa na fedha wala ofisi ya maana. Walichokuwa nacho ni kwamba kila mmoja alijua mwenzake amepitia nini, hata kabla hajafungua kinywa. Katika nchi ambayo jamaa wote wa kumlilia mtu walikuwa wameuawa, wajane hawa walikuwa jamaa mpya. Kutokana na mikutano hiyo ya kulia pamoja zilizaliwa baadaye zahanati, nyumba, ushauri wa kisheria na dawa za kupunguza makali ya Ukimwi.

Kutoka Taba hadi Arusha

Katika wilaya ya Taba, mtumishi wa ustawi wa jamii aitwaye Godelieve Mukasarasi naye alikuwa ameanza kazi ya namna hiyo. Desemba 1994 alianzisha shirika la SEVOTA kwa ajili ya wajane na mayatima, akawakutanisha wanawake waliobakwa ili wafanye kazi pamoja, wasaidiane, na polepole wazungumze.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokuwa mjini Arusha, ilipoanza kumshitaki Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, hati ya mashitaka haikuwa na kosa lolote la ubakaji. Kesi ilianza kusikilizwa Januari 1997. Shahidi mmoja mwanamke, akiulizwa mambo mengine kabisa, akaeleza jinsi binti yake wa miaka 6 alivyobakwa. Katika jopo la majaji watatu alikuwamo mwanamke mmoja, Navanethem Pillay wa Afrika ya Kusini. Maswali yakafuata, na hati ya mashitaka ikafanyiwa marekebisho Juni mwaka huo huo.

Ndipo wanawake wa Taba walipoombwa wasafiri hadi Arusha, wakasimame mbele ya mtu aliyekuwa mkubwa wao, waseme yale ambayo hata kwa mama zao hawakuyasema. Mahakamani walitajwa kwa herufi badala ya majina ili kulinda usalama wao, na hatari ile haikuwa ya kubuni: Desemba 1996 mume na binti wa Bi Mukasarasi waliuawa. Pamoja na hayo, wanawake walikwenda. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ilimtia hatiani Akayesu, na ikaamua kwamba ubakaji waweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kutoa uamuzi wa namna hiyo. Mwezi uliofuata alihukumiwa kifungo cha maisha.

Hukumu hiyo hufundishwa leo katika vyuo vya sheria duniani kote. Kisichotajwa sana ni kwamba kabla ya ushahidi kulikuwa na kikundi. Mwanamke aliyesimama peke yake kizimbani hakuwa peke yake kwa kweli. Walikuwapo wenzake waliomsikiliza mara ya kwanza bila ya kumcheka, na hao ndio watakaompokea atakaporudi kijijini.

Niponye nikuponye

Mwaka 2005, katika mji wa Byumba kaskazini mwa Rwanda, dayosisi ya Kanisa la Anglikana ilianza mpango wa tiba ya kijamii ambao wananchi waliupa jina la Mvura Nkuvure, yaani niponye nikuponye. Mpango huo ulienea baadaye katika sehemu nyingi za nchi, na utaratibu wake wafaa uelezwe kwa urefu kidogo, kwa kuwa ni mwepisi na wenye hekima.

Watu kati ya kumi na kumi na watano hukutana mara moja kwa juma, saa tatu kila mara, kwa muda wa majuma kumi na matano. Anayewaongoza si daktari kutoka ng'ambo. Ni mtu wa kilima kile kile, aliyepewa mafunzo, anayejua bei ya viazi sokoni na ugomvi wa mipaka ya mashamba. Safari yao hupita katika hatua sita. Ya kwanza ni usalama: watu hukubaliana wao wenyewe juu ya masharti yatakayofanya kila mmoja ajione yuko salama, na la mbele kabisa ni kwamba lisemwalo humo halitoki nje. Ya pili ni kuaminiana. Ya tatu ni kujaliana: asipofika mmoja, wenzake huenda kumtazama nyumbani. Ya nne ni kuheshimiana. Ya tano ni kujiwekea miongozo mipya ya maisha. Hatua ya sita, ya mwisho kabisa, ndiyo kumbukumbu.

Msikilizaji, zingatia mpangilio huo. Wengi hudhani kwamba kumponya mtu ni kumfanya aeleze yaliyomfika, tena haraka, tena yote. Hapa kumbukumbu imewekwa mwisho. Kwanza mtu hurudishiwa alichonyang'anywa: usalama, imani kwa binadamu wenzake, heshima. Wiki kadhaa hupita kwa michezo, nyimbo na mazungumzo ya mambo ya kawaida. Anayetaka kunyamaza huruhusiwa kunyamaza. Na siku anapoamua kusema, husema akiwa amezungukwa na watu ambao kwa majuma kadhaa amewapima akaona hawamdharau. Majuma kumi na matano yakimalizika, vikundi vingi haviachani. Huendelea kuwekeana akiba, kulimiana na kutembeleana wakati wa ugonjwa.

Ushahidi wa vijiji vya Kivu

Huenda mtu akauliza: je, hayo si maneno mazuri tu? Swali hilo lilipimwa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine. Watafiti walilinganisha vijiji 15 vya Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini. Katika vijiji 7, wanawake 157 walionusurika ubakaji walipata tiba katika vikundi vidogo. Katika vijiji 8, wanawake 248 walipata msaada wa mtu mmoja mmoja, kutoka kwa wasaidizi waliopewa mafunzo ya ushauri.

Tiba ile ilitolewa kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwa mojawapo, na wengi wa wanawake wale hawakupata kukaa darasani. Mkazo haukuwa kusimulia tukio lilivyotokea. Mkazo ulikuwa kuyachunguza mawazo yaliyobaki baada ya tukio. Mwanamke hufundishwa kulitambua wazo kama vile kosa ni langu, nilifuata nini shambani saa ile, kisha aliweke mbele ya wenzake na kulipima. Je, aliyekwenda shambani kuwatafutia wanawe chakula ana kosa gani? Na kama mwenzangu aliyekaa hapa kando, ambaye naye alikwenda shambani, hana kosa, mimi kosa langu limetoka wapi? Ni rahisi kwa mtu kujihukumu. Ni vigumu kumhukumu jirani aliyepatwa na jambo lile lile. Hapo ndipo penye nguvu ya kikundi, kwa sababu kila mmoja humtetea mwenzake, na kwa kumtetea hujitetea.

Miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa katika vikundi vile walikuwa asilimia 9. Miongoni mwa waliosaidiwa mmoja mmoja, walikuwa asilimia 42. Na haya yalipatikana katika vijiji ambavyo bado vilikuwa na umaskini na hofu ya wenye silaha.

Katika mji wa Bukavu, Dakta Denis Mukwege alikuwa amekwisha kufikia maoni yanayofanana na hayo kwa njia ya kisu cha upasuaji. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha mwaka 1999, iliwapokea maelfu ya wanawake wenye majeraha ambayo vitabu vya utabibu havikuyataja. Aliona kwamba mwili uliotibiwa, kisha ukarudishwa katika nyumba inayoudharau, hurudi tena hospitalini. Kwa hiyo huduma za Panzi zikasimama juu ya nguzo nne: tiba ya mwili, tiba ya nafsi, msaada wa riziki na msaada wa sheria. Mwaka 2018 alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na Nadia Murad, mwanamke wa Kiyazidi kutoka Iraki aliyenusurika utumwa wa ngono.

Panzi pia ilijaribu tiba ya muziki. Wanawake hukaa pamoja na mshauri na fundi wa sauti, wakatunga nyimbo kutokana na maisha yao, wakazirekodi, na nyimbo zikasikika nje ya uzio wa hospitali. Mtu aliyeshindwa kuliambia jambo lake sikio moja, aweza kuliimba katika kiitikio cha watu kumi, na hapana anayeweza kusema sauti ile ni ya nani.

Mjini humo humo, Februari 2011, ilifunguliwa Cité de la Joie, yaani Mji wa Furaha, chini ya uongozi wa Christine Schuler Deschryver, akishirikiana na Dakta Mukwege na mwandishi wa Marekani Eve Ensler. Wanawake 90 wenye umri wa miaka kati ya 18 na 30 walipokewa kwa pamoja na kukaa miezi sita. Humo walipata ushauri, walicheza ngoma, walijifunza kusoma, sheria, kilimo na kujihami. Siku ya kuhitimu, waliotoka hawakuitwa wahanga. Walitumwa makwao wakiwa viongozi.

Yai lisilo na kinywa

Msikilizaji, tuvuke sasa twende kaskazini mwa Uganda, ambako tambiko la zamani liliitwa kufanya kazi mpya. Waasi wa Lord's Resistance Army waliteka nyara maelfu ya watoto wa Acholi na wa makabila jirani, na wasichana wengi waligawiwa makamanda kuwa wake. Waliporudi nyumbani, wengine wakiwa na watoto mgongoni, wazee waliwapokea kwa desturi iitwayo nyono tong gweno, yaani kukanyaga yai.

Anayerudi husimama kwenye mlango wa boma. Chini huwekwa yai bichi, kijiti cha mti wa opobo, na layibi, ambao ni mti wa kufungulia ghala la nafaka. Yai ni alama ya usafi; halina kinywa, kwa hiyo haliwezi kumsema mtu vibaya. Opobo ni mti wenye utelezi kama sabuni. Layibi humkumbusha anayerudi kwamba ghala hili alilila zamani na atalila tena. Hulikanyaga yai, akaingia, na jamaa humpokea. Katika miaka ya 2000 wazee wa Gulu waliwapokea kwa desturi hiyo watu wengi kwa pamoja.

Ni tambiko zuri, na waliolipitia hawalidharau. Lakini lina mpaka wake. Lilibuniwa kwa ajili ya mtu yeyote aliyekaa mbali na nyumbani muda mrefu. Halikubuniwa kwa ajili ya msichana aliyebakwa kwa miaka kumi. Tena wanawake wengi waligundua kwamba yai halina kinywa, lakini mashemeji wanacho. Asubuhi walikanyaga yai, na kabla ya mavuno kufika waliitwa wake wa waasi, na watoto wao wakanyimwa sehemu ya shamba la ukoo. Tambiko lilimsafisha anayeingia. Lakini halikuwafunga kwa ahadi waliokuwa ndani.

Kwa sababu hiyo wanawake hao wakaungana. Mwaka 2011 ulianzishwa huko Gulu mtandao wa utetezi wa wanawake waliorudi kutoka utekwani. Walikutana, wakasimuliana, wakawatafutia watoto wao koo za baba zao, na mwaka 2014 walipeleka maombi yao Bungeni mjini Kampala. Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague ilimtia hatiani kamanda Dominic Ongwen, na miongoni mwa makosa yake yalikuwamo ndoa ya kulazimishwa na mimba ya kulazimishwa. Alihukumiwa kifungo cha miaka 25. Februari 2024 mahakama hiyo iliamuru fidia ya zaidi ya euro milioni 52, na katika hatua ilizozitaja zilikuwamo kumbukumbu na ibada za hadhara. Majaji nao wameona kwamba fedha peke yake haimrudishi mtu nyumbani.

Tambiko lipi, na kwa faida ya nani?

Hapa lazima kusemwa wazi kwamba si kila kinachoitwa utakaso ni dawa. Zipo desturi katika bara hili zinazomlazimisha mjane kulala na mtu ili atakaswe. Huo ni ubakaji mwingine uliovishwa kanzu ya mila. Upo pia mkutano wa wazee wa pande mbili, ambapo mbuzi hutolewa, pombe hunywewa, familia hupatana, na aliyebakwa hakuitwa kusema lolote. Huo ni upatanisho wa wanaume juu ya kilio cha mwanamke. Yapo na maombi ambayo mtu huambiwa asamehe leo hii, mbele ya umati, kabla hajajua anasamehe nini.

Basi kipimo ni kipi? Mifano iliyotajwa yatoa majibu yanayofanana. Tambiko linaloponya ni lile ambalo mtu ameliingia kwa hiari yake na aweza kutoka. Ni lile ambalo halimtaki aseme zaidi ya anavyotaka. Ni lile linalohamisha aibu kutoka kwa aliyetendewa na kuirudisha kwa mtenda. Ni lile linalowabadilisha waliohudhuria, na si yule mmoja tu aliyewekwa katikati. Na ni lile linalokaa pamoja na hospitali, mahakama na riziki, bila ya kudai kwamba linaweza kuchukua nafasi zao.

Kipimo hicho kinawahusu wanaume pia. Katika vita vya Kongo wanaume na wavulana wamebakwa, na sheria ya Kongo ya Julai 2006 iliitanua maana ya kubaka hadi kuwajumlisha. Lakini kwa mwanamume ukimya huwa mzito maradufu, kwani hata nduguze hawakubali kwamba jambo hilo lawezekana. Mjini Kampala, wakimbizi wanaume, wengi wao Wakongomani, waliunda chama kiitwacho Men of Hope, yaani Wanaume wa Matumaini, wakisaidiwa na mradi wa sheria ya wakimbizi wa Chuo Kikuu cha Makerere. Walianza kwa kukaa pamoja na kuitana ndugu. Kwa mtu aliyedhani kwamba ni yeye peke yake duniani, kumsikia mwanamume mwingine akisema kwa Kiswahili chake cha Uvira au cha Bukavu kwamba mimi pia, huwa ndiyo siku ya kwanza ya kupona.

Wajibu wa jirani

Wasikilizaji wengi wako mbali na Kivu na Gulu. Wapo waliohamia Marekani, Kanada na Uingereza, na wapo wanaofanya kazi katika nyumba za watu huko Ghuba. Msiba huu huvuka bahari pamoja na mwenyewe, na wakati mwingine humkuta huko huko. Ughaibuni hukosekana shangazi, hukosekana jirani, na mkalimani anayeletwa na daktari huenda akawa ni mtu wa jumuiya ile ile, anayejulikana na kila mtu. Mgonjwa hunyamaza si kwa kukosa maneno, bali kwa kuogopa maneno yake yatafika wapi. Yafaa watu wajue kwamba katika hospitali nyingi za nchi hizo mtu aweza kuomba mkalimani mwingine, au wa jinsia yake, au wa kusikika kwa simu tu bila ya kuonana.

Yapo pia mambo yasiyongoja. Aliyebakwa afike hospitali mapema iwezekanavyo. Dawa za kuzuia maambukizo ya virusi vya Ukimwi hutakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayookolewa ni faida. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba inaweza kufaa hadi siku tano, na hiyo nayo hufaa zaidi ikiwahi. Nguo alizovaa zihifadhiwe bila ya kufuliwa, kwani zaweza kuwa ushahidi. Lakini hata aliyekwisha kuoga, hata aliyechelewa mwaka mzima, hajapoteza haki ya kutibiwa.

Na jirani afanye nini? Jambo la kwanza ni kuamini. La pili ni kutouliza maswali ya hakimu: ulivaa nini, ulifuata nini, mbona hukupiga kelele. La tatu ni kuifunga siri mdomoni. La nne ni kurudi kesho, na kesho kutwa, na uji mkononi, kama vile mtu anavyokwenda kwa mfiwa. Mwenye kupatwa na jambo hili hahitaji hotuba. Anahitaji mtu atakayekaa naye mpaka usiku upite, na baadaye, akiwa tayari, amwonyeshe njia ya kuwafikia wengine waliopita alikopita. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Lakini walisema hivyo wakijua kwamba chumba cha uzazi kina mlango, na ndani yake wamo wanawake wanaoaminika. Chumba cha namna hiyo ndicho kinachotakiwa kujengwa.

Kazi hii haina mwisho wa karibu. Januari 2025 mji wa Goma ulitekwa na waasi wa M23, na Februari ukafuata mji wa Bukavu. Mwaka huo huo kupunguzwa kwa misaada ya Marekani kulizidisha upungufu wa dawa za wanawake waliobakwa mashariki mwa Kongo. Waliokuwa wakiponya wengine wakajikuta wanakimbia pamoja nao. Fedha zaweza kukatwa, na majengo yaweza kutekwa. Lakini mwanamke aliyekwisha kujifunza kumwambia mwenzake kosa si lako, hilo hubeba popote anapokwenda, hata akienda na kitambaa cha kichwani tu. Na pale atakapotua, iwe kambini au ugenini, ataweza kutandika mkeka.